Mkono wa Kulia wa Mfalme Adolar

Jumatatu, 31 Agosti 1874

Mzee Balthasar amefariki. Mchongaji wa Kasri kwa miaka arobaini na miwili, mtu mwema, ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Nimelia. Kisha nimenyoa ndevu, nimevaa koti langu la harusi na kukimbilia kasrini kuulizia nafasi yake. Mchongaji mwenzangu Hupfauer alikuwa ameshafika. Na yeye kavaa koti lake la harusi.

Habari zenyewe ni hizi. Tarehe kumi na mbili Mfalme wetu Adolar atakutana na Mfalme Sigward wa Tannwald hapa hapa Bad Lauter. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja, kisa daraja la mpakani, ambalo limefungwa tangu wakati huo. Sasa wanapatana, na lazima itolewe medali ya ukumbusho. Atakayetoa medali itakayokubaliwa na kasri ndiye atakayerithi cheo cha mzee Balthasar. Tumeruhusiwa wachongaji wawili tu, mimi na Hupfauer. Mungu angenipa mpinzani yeyote mwingine! Mtu huyu anachonga unywele mmoja mmoja, halafu akikutana nawe njiani anauliza kwa upole macho yako yanaendeleaje.

Mke wangu Walburga amesikiliza yote huku akimenya viazi. Amesema sawa, nijaribu. Lakini cheo kikienda kwa Hupfauer, basi siku ya Mtakatifu Mikaeli naanza kazi kwa shemeji yangu, kaka yake Walburga, Korbinian, mwenye karakana ya vifungo. Vifungo! Mimi, niliyemchonga Askofu mwenye pua ile! Nimemwambia afadhali nife. Amesema kufa ni hiari yangu, ila vifungo ni tarehe ishirini na tisa.

Jumanne, 1 Septemba

Maagizo yametoka kwa Diwani Stolpenau, mkuu wa itifaki kasrini, mtu mrefu asiyepepesa macho. Ni mstari mmoja tu. Wafalme wasimame wakipeana mikono, mgeni akiwa mkono wa kulia wa mwenyeji. Rahisi. Nimechukua kalamu.

Mkono wa kulia wa nani? Wa mfalme mwenyewe, au wa mtu anayeitazama medali? Halafu kuna chapa. Kwa watakaosoma shajara hii nikishakufa (watakuwa wengi): mchongaji hachongi medali, anachonga chapa ya chuma, na chapa huchongwa kinyume. Kushoto kuwe kulia, kulia kuwe kushoto, herufi zitembee kinyumenyume. Ukiigandamiza kwenye shaba ndipo mambo yanakaa sawa. Nimefanya hivi miaka kumi na tisa bila kufikiri. Leo nimefikiri, na nimeharibikiwa.

Baada ya chakula cha mchana nikawasimamisha jikoni. Korbinian ndiye Mfalme Adolar, taji lake sufuria. Walburga ndiye Mfalme Sigward, ana mwiko. Nikawatazama kwa mbele, mgeni yuko kushoto kwangu. Nikaenda nyuma yao, yuko kulia. Nikawaambia wageuke. Wakageuka, na mimi nikageuka nao.

"Shemeji," akauliza Korbinian, "mimi bado ni mwenyeji, au nimeshakuwa mgeni?"

Nikawageuza tena. Matonge ya viazi yameungua na tumekula soseji baridi.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimepata ufumbuzi. Kwa nini nifikiri mimi wakati Hupfauer ameshafikiri? Nitamchungulia nione kamweka mgeni upande gani.

Nimekwenda kwake asubuhi na mapema kuazima jiwe la kunolea. Akasema amefurahi kuniona, hii ni mara ya sita naazima, na la kwanza linaendeleaje? Nikacheka kicheko cha jirani mwema. Huku nacheka, jicho langu liko mezani. Kazi yake ilikuwa pale wazi! Wafalme wawili, na mwenye manyoya kofiani, yaani Sigward, yuko kushoto. Nilimwona kabisa kabla Hupfauer hajatupia kitambaa juu yake.

Nimerudi nyumbani nikiruka vidimbwi. Mgeni yuko kushoto! Walburga akauliza swali moja tu. Kile nilichokiona kilikuwa chapa, au kilikuwa medali ya majaribio?

Kilikuwa cha kijivu. Chapa ya chuma ni ya kijivu. Medali ya majaribio hupigwa kwa risasi, yale madini laini, nayo risasi ni ya kijivu. Kama ni chapa, basi kushoto ni kulia. Kama ni risasi, kushoto ni kushoto. Nimelala na kitambaa cha siki kipajini. Jiwe la kunolea nimelisahau kwa Hupfauer.

Jumapili, 6 Septemba

Kanisani padri amehubiri kuhusu unyenyekevu. Sikumsikia, nilikuwa natazama sura yangu kwenye sahani ya sadaka. Na hapo hapo ikanijia. Kioo!

Kioo hugeuza. Chapa nayo hugeuza. Ukichora kutoka kwenye kioo, kichwa hakihitaji kufanya kazi yoyote. Ibada ilipokwisha nikamleta Korbinian mbio, nikamsimamisha na Walburga chumbani kwetu mbele ya kioo kikubwa cha mahari. Sufuria kichwani, mwiko mkononi, mikono wamepeana. Nikawachora kama walivyoonekana ndani ya kioo. Nikakagua mara tatu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikaisimamisha ile picha mbele ya kioo na kuanza kuchonga chapa kwa kuitazama humo. Kioo mara mbili, usahihi mara mbili. Hupfauer hajatumia hata mara moja!

Herufi zimenitoka kinyumenyume vizuri kama kawaida, hizo mkono wangu unazijua wenyewe. Nimeandika AMANI YA LAUTER. Walburga amesema nimekonda. Ni kweli nimekonda, lakini ni kukonda kwa fahari.

Jumatano, 9 Septemba

Leo tumepiga medali. Mtambo wa Korbinian ni wa vifungo, lakini tukauongezea uzito, na ukagandamiza shaba vizuri mno. Medali mia tatu! Zinang'aa. Mfalme Adolar ana kidevu kizuri kuliko alichojaliwa na Mungu. Korbinian mwenyewe, ambaye hasifu kitu kisichokuwa na matundu manne, amesema si mbaya.

Walburga akachukua moja. Akaitazama muda mrefu. Akaitazama tena, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Ignaz," akasema, "hawa wanasalimiana kwa mkono wa kushoto."

Nikamwambia ameishika vibaya. Akaigeuza juu chini. Wafalme wakasimama kwa vichwa, bado ni kushoto. Nikaichukua mimi. Nikazunguka nayo meza. Nikatoka nje, maana huenda ni mwanga wa karakana. Ni kushoto. Wafalme wote wawili, mbele ya dunia nzima, wamepeana mkono wa kushoto, na mgeni naye yuko upande usio wake. Herufi peke yake ndizo zimekaa sawa.

Nimekaa chini kwenye vumbi la vifungo. Haieleweki. Nilitumia kioo mara mbili! Kuchonga chapa nyingine ni siku nne, na medali zinatakiwa kasrini kesho. Walburga amenishika bega. Ningependa angenigombeza. Nimeogopa sana.

Ijumaa, 11 Septemba

Jana kulikuwa na nafasi moja tu ya kuokoka. Masanduku yote mawili yalikuwa kwenye ukumbi wa kasri, langu na la Hupfauer, kila moja na kikaratasi cha jina la fundi. Mlinzi akaenda kuchukua supu yake. Nikabadilisha vikaratasi haraka. Medali zake nzuri jina langu, medali zangu jina lake. Sijivunii. Kidogo najivunia.

Kisha nikasikia hatua. Hatua zikapita. Na mimi nikabaki nimesimama katikati ya masanduku mawili yanayofanana, nisikumbuke kama nilikuwa nimeshabadilisha, au nilikuwa ndiyo naanza. Nikabadilisha ili kuwa na hakika. Tangu jana najiuliza. Walburga anasema jibu analo, ila hataki kunivunja moyo.

Jumamosi, 12 Septemba

Siku yenyewe. Bendera kila dirisha, bendi ya zimamoto, keki ya plamu kila kona. Nimesimama karibu na nyumba ya chemchemi, mkabala na ngazi za kasri, pamoja na Walburga. Hupfauer kasimama mbele yetu kwa makusudi, kofia ndefu.

Sigward ameshuka garini na manyoya yake. Mfalme wetu amempokea ngazini, mkono wa kulia umefichwa ndani ya koti mpaka kwenye kiwiko. Ametupungia kwa mkono wa kushoto. Mtindo mpya, nadhani, wa Paris. Kisha wakaingia ndani na milango ikafungwa. Kila mtu alitegemea salamu zitatolewa nje, ngazini, kama ratiba ilivyosema. Tena ratiba ilisema farasi mweupe, zawadi ya Sigward iliyofika wiki jana, atapitishwa kwenye gwaride. Hakupitishwa. Baadaye karani wa itifaki akasoma kutoka barazani kwamba wafalme wamepeana mkono wa kulia kwa moyo mkunjufu. Aliisoma mara mbili, na kwenye neno kulia alipandisha sauti.

Hupfauer akageuka na kunionyesha medali yake. Mikono ya kulia. Mgeni mahali pake. Kila unyoya wa kofia unaonekana. Akaniuliza macho yangu yanaendeleaje.

Basi vikaratasi vilirudi palepale vilipokuwa. Nimekwisha.

Jumatatu, 14 Septemba

Siielewi siku hii. Naiandika kama ilivyokuwa, mwenye akili aje aifafanue.

Saa tatu asubuhi gari la kasri mlangoni. Diwani Stolpenau ananitaka. Walburga akanifunga tai, akaniambia niombe radhi na nisiongeze neno. Nikaingizwa kwenye chumba kidogo. Juu ya meza medali yangu, peke yake. Diwani akafunga mlango mwenyewe.

"Bwana Zeidler, ni nani aliyekueleza habari ya mkono wa kulia?"

Nikaona anataka kujua nilivyokokotoa pande. Nikamjibu hakuna aliyenieleza, Mheshimiwa, nimejionea mwenyewe kwenye kioo.

"Kioo kipi?"

"Cha chumbani."

Akaenda dirishani, akatazama nje, akavuta pazia. Akauliza kama nilimwona mfalme. Nikasema nilimwona vizuri tu, alikuwa na sufuria kichwani. Diwani akakaa chini. Ikabidi nimsogezee kiti maana hakikuwa pale alipokaa.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema mke wangu na shemeji, wote walikuwamo chumbani. Akafumba macho. Akasema polepole kwamba medali yangu ni sahihi kupita kiasi. Kila kitu kama kilivyotokea nyuma ya mlango, hata mahali aliposimama kila mmoja. Kwa hiyo zote mia tatu zitafungiwa ghalani na hakuna atakayeziona, na watu watapewa za Hupfauer. Lakini cheo ni changu, kuanzia leo. Mchongaji wa Kasri! Sharti ni moja, habari ya mkono isitoke kinywani mwangu maisha yangu yote.

Nikaapa. Ningeapa chochote.

Jioni wakaleta ngao ya kasri, simba wawili wa dhahabu, wakaipigilia juu ya mlango wetu. Walburga amesimama barabarani akaitazama na akalia. Akasema mama yake angekuwa hai angeona. Miaka kumi na tisa sijamliza kwa furaha. Hupfauer amepita mara nne, macho yake hayaendelei vizuri.

Alhamisi, 17 Septemba

Mchongaji wa Kasri halali usingizi. Nimeapa kutosema habari ya mkono. Mkono gani? Nitatunzaje kitu nisichokijua? Naweza kukitoa kwa bahati mbaya, nikiomba chumvi tu! Walburga amesema jibu ni rahisi, nisiseme kuhusu mkono wowote. Lakini mtu mwenye cheo hafanyi kazi kwa kubahatisha.

Basi mchana nimekwenda baa ya Nguruwe Mweusi, mahali penye watu wanaojua mambo. Nikasimama juu ya benchi. Nikaeleza kwa tahadhari kubwa kwamba kuna jambo kuhusu mkono wa kulia wa Mfalme ambalo nimekatazwa kulisema, na kama kuna mwenye kulijua tafadhali aninong'oneze ili nisije nikaliropoka.

 Vinzenz, anayefanya kazi kwenye zizi la kasri, akageuka rangi, akaacha bia yake nzima mezani na kutoka. Vinzenz hajawahi kuacha bia.

Mama Kreszenz, mwenye baa, akaitazama ile bia. Akaitazama milango. "Mfalme kaficha mkono," akasema. "Farasi wa Sigward hakutolewa. Na wa zizini kakimbia. Jamani, si kang'atwa!"

Baa nzima ikaelewa kabla yangu. Ikabidi wanieleze mara mbili. Farasi wa zawadi amemng'ata mfalme mkono wa kulia, na wafalme wakasalimiana kwa kushoto nyuma ya milango, ili mgeni asiaibike wala mwenyeji asichekwe! Sasa najua, na mzigo umenitoka. Nimewaapisha wote kunyamaza, mmoja mmoja, watu thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wanapita tu njia, nao nimewaita ndani wakaapa.

Jumapili, 20 Septemba

Siri imetoka. Sijui imetokaje!

Kanisani mtu alilia kama farasi wakati wa sala ya kumwombea mfalme, na safu sita zikatikisika. Sokoni wanauza mkate wenye alama ya meno. Balozi wa Tannwald amesikia farasi wa bwana wake akiitwa mla watu, ameomba farasi arudishwe na ameondoka bila kuaga. Lile daraja linabaki limefungwa. Watu wa ng'ambo walioanza kuja kuuza jibini wamegeuza mikokoteni.

Saa nane askari wawili wakaja na ngazi. Wakaing'oa ngao. Nikawauliza kama inakwenda kupakwa dhahabu upya. Mmoja akasema ndiyo, inakwenda kupakwa, mlangoni kwa Hupfauer.

Ukutani yamebaki matundu manne na mraba msafi. Nimeumia, sitaficha. Lakini kilichoniumiza zaidi ni Walburga. Hakupiga kelele. Alifagia vumbi la ukuta, akaketi kizingitini na ufagio mapajani.

"Ulikuwa na kazi moja, Ignaz," akasema. "Kutosema kitu usichokijua."

Nikamwambia ndiyo maana nilikwenda kukijua. Akaniangalia mpaka nikaingia ndani. Ameniandalia supu na hakula nami.

Jumanne, 29 Septemba, Mtakatifu Mikaeli

Siku ya kwanza kwenye vifungo. Korbinian amenipa aproni na vifungo vya makarani wa reli, tundu nne, elfu mbili kabla ya Ijumaa. Ni mwema, hajanitania. Amesema tu, kwenye kifungo hakuna kulia wala kushoto, shemeji, utapumzika.

Sikupumzika. Tangu ngao ing'olewe natafakari kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Kosa ni la kasri. Wao wanatunza siri kwa kunyamaza, na watu wakiona mtu amenyamaza wanashuku. Siri haitunzwi hivyo. Inatunzwa kwa kukanusha!

Basi kila mapumziko ya mchana wiki hii nitakuwa na chapa yangu mpya. Nimeshaichonga nyumbani, siku tisa, Walburga akidhani natengeneza bawaba. Leo, Korbinian alipokwenda kula, nimepiga mia mbili za kwanza. Mfalme Adolar peke yake, kainua mkono wa kulia wazi, vidole vimetandazwa, mkono mkubwa kuliko kichwa ili usiache kuonekana. Kuzunguka ukingo nimeandika kwa herufi nene: MKONO HUU NI MZIMA, HAKUNA FARASI ALIYEUNG'ATA.

Mia na hamsini nimemwachia Mama Kreszenz agawie kila anayekunywa. Arobaini na tisa nimepeleka sokoni. Moja, iliyotoka vizuri kuliko zote, nimeifunga kwenye kitambaa cha hariri na kuituma kwa posta ya leo hii hadi Tannwald, kwa Mfalme Sigward mwenyewe. Mahali pa jina la mtumaji nimeandika Mfalme Adolar, maana mimi si mtu wa kujitafutia sifa.